Rangi ya Kucha

Gari la Salha lilikuwa linamisi, likikatakata na kukosa nguvu kila likipanda mlima. Fundi Mbwiga aliwasha injini akachomoa waya za plagi moja moja. Alipochomoa ya tatu, mngurumo haukubadilika.

"Plagi hii imekufa, dada. Na zote kuukuu."

"Kuukuu? Mwezi jana nilinunua mpya, nikazitia rangi yangu ya kucha zisibadilishwe."

Hazikuwa na rangi yoyote. Aliyezifunga zile mpya ni kaka yake Salha, Shaweji, tena akakataa hata soda ya ahsante.

Shaweji akafika na gari lake, likinguruma kwa upole. "Si nilikwambia uuze mkweche huo?"

Salha akalisogelea gari lile. "Fungua boneti, kaka."

"Ya nini? Langu zima."

"Najua." Akatema mate chini, akapenyeza mkono dirishani, kucha zake nyekundu zikitafuta kishikio cha boneti.