Sponji Nyeupe ya Philister

Philister, mgeni nyumbani kwa mwanawe katika mtaa wa Satellite, aliikuta sponji nyeusi ndani ya tangi la samaki ambalo bado halikuwa na samaki. "Wasomi wachafu hawa," akacheka, akaisugua kwa Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, hadi ikawa nyeupe kama kola ya pasta, kisha akairudisha tangini.

Jioni mkaza mwanawe akaingia na samaki kwenye mfuko wa maji.

"Mama, leo wanahamia. Ule weusi kwenye sponji ni bakteria, tumewafuga mwezi mzima. Ndio husafisha maji."

"Na wakioshwa?"

"Samaki wanakufa. Lakini nani ataosha, mama?"

Akauinamisha mfuko juu ya tangi. Philister aliona haya hadi masikio yakamwaka. Angenyamaza, lawama ingemwangukia muuza samaki.

Akamshika mkwewe mkono, kwa vidole vilivyonuka Jik.