Honi ya Lori

Mkono wa fundi ulikuwa umeshazama chini ya usukani kabla mteja hajamaliza kueleza shida ya gari lake.

"Taa zinazima zenyewe," mwanamke alikuwa akisema. "Taa kubwa za mbele. Unaendesha vizuri tu, mara giza."

"Nimekusikia, dada. Hebu nishikie tochi hapa."

Akaishika. Alikuwa mshonaji, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Fundi alilala chali, kichwa chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango. Akaukamata waya mwekundu kwa vidole viwili, akaufuata mpaka kwenye kiungo. Kiungo hakikufungwa kwa tepu ya umeme. Kilifungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kikakazwa kwa uzi.

Mafundi wana desturi yao: hakuna anayekaza hata skrubu moja kabla ya kumtukana fundi aliyemtangulia. Wateja wameshaizoea, na wasipoisikia huanza kuingiwa na wasiwasi.

"Nani kafanya uchafu huu?" fundi akafoka. "Loo! Huyu si fundi, huyu ni muuaji. Mtu kama huyu ni wa kufungwa jela!"

Alifoka kama inavyopasa. Mpira ule aliukata yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita, siku alipoishiwa tepu na kuona uvivu wa kwenda dukani.

Gari lilikuwa lake. Alilitambua pale pale lilipoingia getini, ingawa sasa lilikuwa na boneti ya rangi nyingine na taa mpya za mbele. Enzi hizo alitaka kutamba mtaani, akafunga honi ya lori kwenye kigari kile kidogo, na umeme wake akauchomoa kwenye waya wa taa. Honi ikawa inalia mpaka mtaa wa pili. Ila ukiipiga taa zikiwa zinawaka, kiungo kinazidiwa na taa zote mbili zinakata. Yeye alilijua hilo, kwa hiyo usiku hakuigusa. Alipomkabidhi dalali gari alimwambia halina tatizo lolote. Hata kadi ya gari ilikuwa na jina la mzee fulani aliyekwisha kufariki, maana yeye hakuwahi kujisumbua kuibadilisha. Nani angemjua?

Sasa alitaka jambo moja tu: kiungo kile kitoke mle ndani, kiingie mfukoni mwake, na mama huyu aende zake.

"Hili lilipata ajali?" akauliza, ilimradi kuongea.

"Kwenye kona. Limeshanyooshwa."

"Na unaliendesha mwenyewe?"

"Alilinunua mdogo wangu. Sasa limebaki kwangu."

Lilikuwepo swali la kuuliza hapo, na fundi alilijua, lakini jibu lake hakulitaka.

"Nipe hiyo koleo, dada."

Akampa. "Una mkono mwepesi, fundi."

"Miaka kumi na tisa hii. Unadhani wananiita Daktari bure?"

"Na mimi kazi yangu ya mikono," mshonaji akasema, tochi imetulia vile vile. "Nguo niliyoishona mwenyewe, hata uniletee imechakaa na kubadilishwa vifungo, naijua kwa kuipapasa tu."

Fundi akacheka kicheko kikavu. Akabana koleo. Mpira ukamdondokea kifuani, akaufumbata na kuusukumiza mfukoni akijifanya anatafuta bisibisi. Akazing'oa nyaya zote za honi ya lori, akairudishia umeme ile ya kawaida, akazipa taa njia yake na fyuzi yake. Hakuwa amewahi kufanya kazi safi kama ile. Alijiapiza kuwa akivuka hapa salama hatarudia tena upuuzi wa namna hii, si kwa gari lake wala la mtu mwingine.

Akajitoa mvunguni, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Haya, washa."

Mshonaji akaketi kwenye usukani, akawasha. Taa zikaangaza ukuta wa karakana.

"Sasa piga honi mpaka uchoke. Hazizimi ng'o!"

Akapiga mara moja. Taa hazikutetereka. Akabaki anautazama ule mwanga ukutani. Kisha akazima na kushuka.

"Nikupe kiasi gani?"

"Hapana, dada, hii nakufanyia bure. Msaada tu." Na kwa mara ya kwanza tangu gari liingie, fundi akashusha pumzi.

Mshonaji akamnyooshea kiganja kilicho wazi.

"Basi nipe huo mpira ulioutia mfukoni."

Mkono wa fundi ukakimbilia kuufunika mfuko.

"Gari hili nimelipeleka kwa mafundi sita," mshonaji akasema taratibu. "Wote niliwaambia kama nilivyokwambia wewe, na wote wakaanzia kwenye taa. Wa tano aliufikia huo waya siku ya pili, nikamwomba auache ulivyo. Wewe taa hata hukuzitazama."