Pigo la Mapema

Nyundo, mpiga ngoma, aliinua vijiti vyake na kujiapiza kwamba leo hakosei ng'o.

Miaka kumi na tisa iliyopita, bendi yao ya roki ilivunjika kwa sababu ya kosa lake moja. Baada ya kiitikio cha pili cha wimbo wao mkuu aliingia kabla ya wakati, kila onyesho, kama mtu anayekimbilia basi. Mpiga gitaa alimfokea mbele ya mashabiki, "Kahesabu kwenu!"

Akaenda kwao kweli. Na tangu walipopatana, miezi mitatu sasa, alikuwa akihesabu huku akipiga godoro hadi vidole vikaota sugu.

Leo walikuwa studio wakirekodi wimbo uleule, onyesho likiwa Jumamosi. Kiitikio cha pili kikaisha. Nyundo akangoja mapigo yote manne, sawasawa.

Wenzake watatu wakaingia mapema, kwa pamoja, palepale alipokuwa akikosea yeye.

Muziki ukasambaratika.

"Nani kakosea?" fundi wa sauti akauliza kutoka nyuma ya kioo.

Mpiga gitaa, kidevu kimejaa mvi, alikuwa akipangusa kwa upindo wa shati nyuzi zisizo na vumbi.

"Miaka yote hii, hata peke yangu nyumbani, naupiga hivyo hivyo," akasema bila kuinua macho. "Naingia na wewe, kaka."

Nyundo akazitazama sugu zake.

"Ni mimi," akamwambia fundi. "Turudie."

Safari hii, kiitikio cha pili kilipoisha, hakungoja.