Mzee wa Mwavuli

Mpira ulimjia Suud ukitambaa chini, ukagonga jiwe, ukaruka kumtafuta meno. Aliudaka, akamrushia Bakhit kwenye kituo cha pili, halafu badala ya kutazama kama mkimbiaji katolewa, akatazama kule ukutani. Mzee wa mwavuli yupo. Kakaa kwenye kiti chake cha kukunja, mwavuli mweusi juu, hapigi makofi.

"Kakuona," alisema Bakhit.

"Najua kaniona."

Ilikuwa 1968, na besboli katika Matrah nzima, huko Omani, walikuwa wakiijua vijana wa wadi ile tu, bonde la mto mkavu walilolifanya uwanja. Mmarekani mmoja wa kambi ya mafuta ya Azaiba aliwafundisha, akawaachia gongo na glavu chache, akaenda zake. Wengi wao walizaliwa Unguja na kriketi waliijua shuleni, kwa hiyo mkono wa kudaka walikuwa nao. Lakini Suud alikuwa kitu chengine. Alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, na mpira wa chini ukipita pale basi ujue Suud anaumwa.

Wiki chache nyuma ilikuja habari. Kambi ya Azaiba inatafuta kijana mmoja wa kumtia kwenye timu yake, ile inayokwenda Bahreni kucheza ligi kubwa ya makampuni. Mtu wao atakuja kuangalia kimya kimya, na hatosema yeye nani. Suud, ambaye mchana kutwa alikuwa akipima mchele kwenye duka la watu sokoni, aliitaka Bahreni kuliko kitu chochote alichopata kukitaka.

Ijumaa iliyofuata mzee wa mwavuli akatokea. Nani tena, kama si yeye?

Kuujua mchezo hakuonekana kuujua. Mtu akikimbia, mzee anauliza anakimbizwa na nani.

"Anajifanya," alisema Suud. "Ndiyo kazi yao hiyo."

Siku moja mzee alimwita Bakhit pembeni. Huyu Suud ana hasira? Anaswali? Anavuta sigara? Analala kwao? Na kwao wazima, hakuna maradhi ya kurithi? Bakhit alirudi akaeleza yote.

"Wamarekani wanataka nidhamu," alisema Suud, na sigara akaziacha siku ile ile.

Hata mama yake, Bi Masouda, alibadilika. Mwanamke huyu alikuwa akiuita mchezo ule wazimu wa jua, na aliwahi kuificha glavu kwenye gunia la makaa. Sasa kila Ijumaa anampigia pasi kanzu, anaifukiza udi, anamsindikiza mpaka mlangoni. "Haya nenda mwanangu, na ujiweke vizuri, watu wanatazama." Suud akifika uwanjani anaikunja kanzu kiunoni, anachutama katikati ya vumbi, ananukia udi.

Ijumaa ya mwisho alikuwepo pia Mzungu mmoja, gari limemharibikia pembeni ya wadi. Kafungua boneti, hagusi kitu, kakaa kwenye bampa anakula machungwa na kutazama mchezo. Suud alimwonea huruma, na jua lote lile.

Mchezo ulikuwa umekaza. Mpira ukapigwa ukaja moja kwa moja kwa Suud, mpira wenyewe wa kudaka hata na usingizi. Wakati huo huo upepo ukampokonya mzee mwavuli, ukawa unabiringika wadini. Suud aliutazama mpira, akautazama mwavuli. Akaufuata mwavuli.

Bakhit alikuja mbio kutoka kituo cha pili, akajitupa tumbo chini, akaudaka. Hakuna aliyemshangilia, kwa sababu wenzake wote walikuwa wanamtazama Suud akimrudishia mzee mwavuli wake, na vumbi kaufuta.

"Ahsante, mwanangu," alisema mzee. "Mimi naitwa Muslim. Kesho baada ya alasiri nitakuja kwenu."

Suud hakuweza kula usiku ule kwa furaha.

Kesho yake Mzee Muslim alikuja na mkewe, ambaye alipitiliza ndani kwa Bi Masouda. Suud aliona ajabu kidogo, lakini kila kampuni na taratibu zake. Alimwamkia mzee, akamtilia kahawa.

"Tumekuangalia," alisema Mzee Muslim. "Tumekuulizia, na watu wamekusifu. Mimi lakini kilichonimaliza ni ule mwavuli."

"Ahsante, Ami."

"Ukiwa wetu, uwe wetu. Sitaki kusikia uko kwengine."

"Hata siku moja."

"Na sisi tuko Yiti. Utakuja kukaa?"

"Popote mtakaponiweka, Ami, nitakaa."

Bakhit alitokeza mlangoni, anahema. "Suud, nna habari."

"Ngoja, Bakhit. Nna mgeni."

"Nakuuliza mara ya mwisho," alisema Mzee Muslim. "Umekubali mwenyewe? Hukulazimishwa?"

"Nimekubali, Ami. Jambo hili nimeliomba kwa Mungu." Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mzee alikohoa kuelekea ndani. Vigelegele vikapigwa. Bi Masouda akatoka na sahani ya halwa, analia, akambusu mwanawe kwenye paji la uso.

"Hongera, mwanangu. Na Kheiria naye kakubali."

"Kheiria?" alisema Suud.

"Binti yangu," alisema Mzee Muslim.

Bakhit, pale mlangoni, alishindwa kungoja. "Yule Mzungu, kumbe gari lake zima," alisema. "Jumatatu naondoka naye, nakwenda Bahreni. Nimekuja kukuazima glavu."