Bangili ya Mtandao

Siku hizi mtandao wa kila nyumba hushikwa na mtu mmoja. Anavaa bangili, na mapigo ya moyo wake ndiyo yanayoushikilia. Akitulia, mtandao unatulia. Akihangaika, taa, jiko na masomo ya watoto vinakatika.

Nyumbani kwa mume wangu niliivaa mimi miaka minne. Shule niliishia darasa la tano, lakini nilijua kutulia, na mama mkwe aliniita nguzo ya nyumba. Kisha shemeji yangu akamwoa Siwema.

"Chiku, hebu mpe mwenzako ajaribu," alisema mama mkwe siku jiko lilipozimika na maharage hayajaiva.

Siwema akaivaa wiki nzima. Mtandao haukukatika hata mara moja.

"Huyu ndiye mke!" mama mkwe akacheka. "Yule mwingine ukimtazama vibaya tu, tunalala njaa."

Wiki ya majaribio ilipoisha nikarudishiwa bangili, nikamwona mama mkwe akimsuka Siwema nywele. Wivu ukanipanda, nyumba nzima ikazima. Wakanivua palepale, wakamvisha Siwema.

Kesho yake nilimfuata Siwema uani alikokuwa akifua.

"Mdogo wangu, unafanyaje mpaka mtandao haukatiki?"

"Sifanyi kitu, dada. Tangu niletwe huku sisikii furaha wala uchungu. Leo asubuhi nimeletewa habari kwamba baba yangu amefariki. Mtandao uliyumba?"

"Haukuyumba."

Akaendelea kufua. Nilipaswa kumpa pole, lakini macho yangu hayakutoka kwenye bangili.

"Ilikuchukua siku ngapi," nikamuuliza, "mpaka kufika hapo?"