Kipimo cha Pamba

Daktari aliinua pamba juu ya pua ya mbwa, akaiachia. Ikaelea, ikatua mezani. Mbwa hakuifuata. Aliendelea kutazama kulekule juu, mkia ukicheza, kama aliyeahidiwa kitu kizuri.

"Kwa nini pamba?" aliuliza binti, kitindamimba wa mzee Fundi Saa mwenye mbwa, huku anatafuna kucha.

"Haina sauti," alisema daktari. "Ukiangusha funguo atageuka kwa masikio, nawe utaondoka hapa ukiamini anaona. Wanatuzuga sana hawa. Nyumba wameikariri, nyayo za watu wamezikariri. Wanaoishi nao ndio wa mwisho kujua."

Alikuwa daktari wa macho ya wanyama tu. Minyoo na kupe aliwaachia wenzake. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, kote kuwili. Upasuaji ungemrudishia mbwa kuona, ila wasichelewe. Macho yakianza kuwa mekundu, presha itapanda ndani, na hapo hata yeye hatakuwa na la kufanya. Kwa sasa wasihamishe viti, na wamsemeshe mbwa kabla ya kumgusa.

Nyumbani, Fundi Saa aliupokea ushauri huo kwa mikono miwili. Alipiga marufuku kiti kusogezwa hata kidogo. Alitaka kila anayeingia atoe sauti mlangoni, mbwa asishtuke. Alimwagiza bintiye kengele ya kumfunga mbwa shingoni, watu wasije wakamkanyaga, na kipande cha zulia gumu cha kuweka pale ngazi za uani zinapoanzia, miguu ipate kuzitambua. Kucheza drafti na wenzake akaacha. Angemwachaje kipofu wa watu peke yake? Meza yake ya kutengeneza saa alikuwa ameshaifunga tangu mwaka uliopita, akisema siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu.

Lakini habari za upasuaji hakutaka kuzisikia.

"Ameshazoea," alisema, redio imemlalia kifuani. "Kiumbe akishaijua nyumba yake, ya nini kumchokonoa macho?"

"Baba, ataona tena."

"Kakwambia analalamika? Mwacheni mbwa wangu."

Binti hakumwelewa. Mzee aliyempangia mbwa nyumba nzima ndiye huyohuyo anayemnyima macho? Alimkasirikia, na chini ya hasira ilikuwepo hofu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimfunua mbwa kope, akatafuta wekundu. Kazini akikaa haoni raha, akisimama haoni raha. Alipiga simu nyumbani kwa visingizio visivyo na kichwa wala miguu. Kaka yake, aliyeishi mbali, alimcheka. "Sisi wengine hata miwani hatujapimiwa, wewe unampasua mbwa?"

Siku jicho la kushoto lilipoamka jekundu, alikata shauri. Alimwambia baba yake kwamba mbwa anakwenda kupimwa presha ya macho na huenda akalazwa siku chache. Ulikuwa uongo. Fundi Saa hakubisha. Aliishikilia tu kamba ya mbwa kwa muda, kisha akaiachia.

Presha ilikuwa bado haijapanda. Mbwa alipasuliwa, akabaki hukohuko kwa daktari mpaka alipovuliwa ile kola ya plastiki ya kumzuia asijikune. Siku zote hizo mzee karibu hakutoka chumbani. Chakula alitaka aletewe. Siku moja binti alimkuta amesimama koridoni peke yake, kiganja ukutani, amenuna.

"Nyumba imekufa hii," mzee alisema. "Haina kengele."

Binti alimwonea huruma, nusura aseme ukweli. Akajikaza.

Siku ya kumchukua mbwa, daktari aliangusha pamba tena. Safari hii mbwa aliifuata tangu juu mpaka chini, akaitia mdomoni. Binti alilia palepale, mbele za watu, kisha akaomba apewe pamba nyingine aende nayo nyumbani.

Alifika mbiombio na kuanza kazi kabla mzee hajatoka. Akakunja lile zulia gumu. Akavisogeza viti karibu na dirisha, alikokuwa akivitamani miezi yote hiyo. Akamvua mbwa kengele. Mbwa alizunguka sebule kimyakimya, akikwepa kila mguu wa meza.

"Baba, njoo. Mgeni wako karudi."

Mlango ukafunguka. Fundi Saa akasimama kizingitini, mkono kwenye fremu.

"Yuko wapi? Mbona simsikii?"

"Nimemvua kengele, haihitaji tena. Nisamehe, Baba. Nilikudanganya. Alikwenda kupasuliwa. Lakini anaona."

Uso wa mzee ukalainika, na tabasamu lililopotea siku nyingi likarudi.

"Anaona," alisema taratibu. "Kweli anaona?"

"Subiri nikuonyeshe."

Alimsogelea hadi wakasimama ana kwa ana, mbwa amekaa katikati yao. Akaitoa pamba mfukoni.

"Daktari huwapima hivi. Anaiinua juu, anaiangusha. Mwangalie."

Aliinua pamba usawa wa uso wa baba yake, akaiachia. Mbwa aliifuata tangu juu mpaka chini, akaidaka kabla haijagusa sakafu.

Fundi Saa alikuwa bado anatazama kulekule juu, akitabasamu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Iangushe basi."