Bei ya Mzee Wanzala

"Nitungie sindano kwanza, Mama Nasike. Bei ni hiyo hiyo."

Jentrix aliweka begi chini. Kibera nzima iliijua bei ya Mzee Wanzala, fundi wa nguo. Ukiona taa ya ajabu angani, unamtungia uzi kwenye sindano moja, naye anakueleza ulichoona. Watu walicheka, wakalipa.

Akalamba uzi, akajaribu. Uzi uliingia mara ya tatu.

"Haya. Rangi gani?"

"Nyeupe. Juu ya magorofa ya Highrise, jioni ya tatu sasa. Pasta anasema ni mwisho wa dunia. Kesho napanda basi la Bungoma kwa watoto. Chumba na meza ya mboga namwachia jirani yangu Aluoch."

"Meza ndiyo inawasomesha."

"Mzee, kama ni mwisho, unikute nikiwa nao."

Vidole vya fundi viliendelea kufuata pindo la sketi ya shule. "Inasonga?"

"Imesimama tu."

"Basi ni ndege ya uwanja wa Wilson. Ikija moja kwa moja kwako, utadhani imesimama."

"Haina sauti."

"Upepo huibeba sauti."

"Upepo gani? Moshi wa jiko langu ulipanda wima!"

Akakuna kidevu. "Nyota ya jioni, basi."

"Nyota husimama kitambo, kisha huruka juu ghafla?"

Mzee Wanzala aligeuza sketi, akaanza pindo la upande wa pili. Jentrix akashika begi lake.

Hapo taa ikatokea nje ya mlango, nyeupe, juu ya paa la Highrise.

"Hiyo! Mzee, iangalie mwenyewe!"

Fundi aliinua uso bila haraka, kama mtu aliyeitwa na jirani. "Ahaa, hiyo? Si nimekwambia? Nyota, mama, naiona vizuri kabisa. Rudi kwenye mboga zako, watoto wasome."

Jentrix alimgeukia ili amshukuru. Akafuata uso wake ulikoelekea, kisha akaitazama ile sindano aliyoitunga.

Alipotazama tena nje, taa ilikuwa inapaa kwa kasi. Ikapotea.

Alisukuma begi pembeni kwa mguu, akavuta stuli, akamimina mapajani sindano zote zilizokuwa kwenye kopo. Akaanza kuzitunga, moja moja.

"We, mbona nyingi hivyo? Na basi la kesho?"

"Liende tu, Mzee," alisema polepole, akilamba uzi. Mzee Wanzala alikuwa bado ameinua uso, akiutabasamia ukuta wa bati, mlango ukiwa nyuma yake.